pgbench inasema seva inabeba maelfu ya miamala kwa sekunde, siku ya mshahara mfumo unakwama. Nani mkweli?

#1 Karani_wa_Data
Wakuu, habari za jioni.

Naomba tulijadili hili kwa kina maana ofisini limeshaleta mvutano. Tuna mfumo wa SACCOS: wanachama wanaweka akiba, wanakopa, marejesho yanakatwa kwenye mishahara. Kanzidata ni PostgreSQL 15, seva ni yetu wenyewe, kori 16, RAM GB 64, diski ni SSD. Kabla ya kuhamia hapo niliipima kwa pgbench, programu ya kupimia kasi ya PostgreSQL, hivi:

pgbench -i -s 10
pgbench -c 50 -T 60

Ikatoa maelfu ya miamala kwa sekunde. Mahitaji yetu hata siku yenye pilika hayafiki 300 kwa sekunde.

Sasa mishahara ikiingia, kuanzia saa nne asubuhi hadi mchana, muamala wa kuweka akiba unakaa sekunde kumi na zaidi, mingine inakatika kabisa. CPU muda huo imetulia, haifiki hata theluthi. Mkandarasi aliyeutengeneza mfumo anasema PostgreSQL haifai kwa miamala, tununue kanzidata ya leseni. Mimi nasema kipimo kipo wazi, tatizo ni kodi yake (code ya programu). Mnasemaje?

#2 Chalii_wa_Sakina
Naweka kambi hapa. Uzi wa maana huu, ngoja waje wenyewe.

#3 Ngosha_Data
Mkuu, indeksi (faharasa ya kutafutia rekodi haraka). Washa pg_stat_statements, tafuta kweri inayokula muda mwingi, ipitishe kwenye EXPLAIN ANALYZE. Nakuhakikishia kuna jedwali linasomwa lote kutafuta mwanachama mmoja. Nimeshaona mifumo mingi ya hivi ambayo ilikosa indeksi kwenye namba ya mwanachama tu.

#4 BintiSelekti
Ngosha, kaka yangu, wewe kila ukiitwa dawa yako ni indeksi 😄 Jedwali likisomwa lote CPU ingepanda. Yeye anasema imetulia.

Karani, turudi kwenye kipimo chenyewe. -s 10 maana yake akaunti milioni 1, matela (wahudumu wa dirishani benki) 100 na matawi 10. Data yote hiyo ni kama MB 150. Kwenye RAM ya GB 64 hujasoma diski hata kidogo. Halafu -T 60 ni dakika moja, wakati chekipointi (kumwaga mabadiliko kutoka kumbukumbu hadi diski) kwa mpangilio wa kawaida ni kila dakika 5. Kila baada ya chekipointi, ukurasa ukiguswa mara ya kwanza unaandikwa mzima mzima kwenye logi ya WAL (panapoandikwa mabadiliko kabla ya data yenyewe), KB 8, hata kama umebadilisha namba moja. Dakika moja haitoshi kuuona huo mzunguko: ama umekuangukia ama umekupita. Ulichopima ni kanzidata ndogo iliyo kwenye kumbukumbu, kwa muda ambao haujafika popote.

#5 mzee_wa_logi
Binti yuko sahihi kuhusu kipimo ila hiyo haielezi sekunde kumi. Nina swali moja kwa mleta mada. Mwanachama akiweka akiba, ni rekodi zipi zinasasishwa ndani ya muamala huo? Zitaje zote.

#6 Karani_wa_Data
Asanteni. Mzee: kwanza akaunti_kuu, ambapo kuna rekodi moja yenye jumla ya akiba zote za chama. Kisha salio la mwanachama kwenye jedwali la akiba. Kisha inaingizwa rekodi mpya kwenye miamala, na nyingine kwenye jedwali la ujumbe wa simu. Mwisho ndiyo COMMIT (kuthibitisha muamala).

#7 mzee_wa_logi
Ndiyo hapo sasa. Kila anayeweka akiba, awe Mbeya au Mtwara, lazima apite kwenye rekodi moja. PostgreSQL ikishaisasisha rekodi inaishikilia mpaka COMMIT. Ni benki yenye madirisha 50 na mhuri mmoja: ongeza madirisha utakavyo, foleni iko kwenye mhuri.

Piga hesabu. Mfumo wako unaigusa akaunti_kuu MWANZO. Baada ya hapo kuna amri tatu na COMMIT, yaani safari nne za mtandao kati ya mashine ya programu na kanzidata. Tuseme kila safari ni milisekunde 1, na kuandika logi kwenye diski milisekunde 2. Rekodi inashikiliwa milisekunde 6. Gawanya 1,000 kwa 6: miamala 166 kwa sekunde, basi. Kori 16 au 160, jibu ni hilo hilo. Siku za kawaida hamfiki 166 kwa hiyo hakuna anayelalamika. Siku ya mshahara mnavuka, foleni inaanza kurefuka, na CPU imelala kwa sababu watu wanasubiri, hawafanyi kazi.

Kuhamisha amri ya akaunti_kuu iwe ya mwisho kabla ya COMMIT kunapunguza safari kutoka nne hadi moja. Ni mabadiliko madogo sana kwenye kodi.

#8 Karani_wa_Data
Mzee nimekuelewa, lakini mbona pgbench nayo inasasisha jedwali la matawi? Matawi yalikuwa 10, wateja 50. Walikuwa wanagombania vile vile na bado yakatoka maelfu.

#9 BintiSelekti
Swali zuri, na ndiyo maana siikubali nadharia ya #7 moja kwa moja. Mwongozo wenyewe wa pgbench unaonya kwamba -s isiwe chini ya idadi ya wateja, la sivyo unapima mgongano wa kufuli tu, yaani wateja kugombania rekodi. Kipimo chake kilikuwa na mgongano tayari na kilipita.

#10 mzee_wa_logi
Dada, nafasi 10 si nafasi 1. Na angalia aliiendesha wapi: hakuna -h (anwani ya seva) kwenye amri yake. pgbench ilikuwa ndani ya seva ile ile, inaongea kupitia soketi ya ndani, safari ya mtandao karibu na sifuri. Tena pgbench inaanza na akaunti, inafuata tela, tawi linakuja baadaye, inabaki INSERT moja na END. Yaani imepangwa ili rekodi ya tawi ishikwe muda mfupi. Mfumo wake umepangwa kinyume.

#11 msee_wa_thika
Salimieni wote, niko Kenya. Nimefanya kazi upande wa malipo ya simu miaka kadhaa, na kuna kitu hamjagusa.

pgbench inapoendeshwa hivyo, kila mteja anatuma muamala, anangoja jibu, ndipo anatuma mwingine. Seva ikichelewa, wateja nao wanapunguza mwendo. Kipimo kinaihurumia seva. Wateja 50, kila muamala milisekunde 10, unapata 5,000 kwa sekunde. Muamala ukipanda hadi milisekunde 100 unapata 500, lakini bado waliomo ndani ni 50 tu. Hawawezi kuwa 51.

Watu wa ukweli hawako hivyo. Mshahara ukiingia wanakuja tu, hawajui kama seva imechoka. Mbaya zaidi kwa USSD: jibu likichelewa kikao kinakatika, mtu anapiga tena, pengine mara mbili. Mzigo unaongezeka wakati huo huo ambao uwezo umepungua. Kwa hivyo hata 300 yako inaweza kuwa maradufu ndani ya dakika chache.

Tumia -R (idadi ya miamala kwa sekunde unayotaka). Hapo pgbench inatuma kwa ratiba, na muda wa muamala unahesabiwa kuanzia pale ulipopaswa kuanza, si pale ulipopata nafasi. Gil Tene amelipigia kelele jambo hili miaka mingi: vipimo vingi vinaruka ule muda wa kusubiri, kisha vinaonyesha wastani mzuri.

#12 Ngosha_Data
Kwa nini tusitumie TPC-C, kipimo cha miamala cha baraza la TPC, tukamaliza ubishi? TPC ilianza 1985 na hao ndio wenye mamlaka. Huko kuna mifumo inafikisha miamala milioni 707 kwa dakika. tpmC ni miamala yote kwa dakika, unalinganisha bei na kasi, unamaliza.

#13 Mpemba_wa_Maskati
Ngosha, ahsante kwa kuleta TPC, ila mambo mawili turekebishe.

1985 ni mwaka wa makala. Jim Gray na wenzake zaidi ya 20 waliandika katika jarida la Datamation, toleo la tarehe 1 Aprili, bila kuweka majina yao. Humo ndimo walimopendekeza kipimo cha DebitCredit: benki, matawi, matela, akaunti. Kila kampuni ikakichukua na kukikata inavyotaka ili ionekane ina kasi. Kwa sababu ya vurugu hizo Omri Serlin akayakutanisha makampuni, na TPC ikaundwa Agosti 1988. TPC-A ikaja 1989, TPC-B 1990, TPC-C 1992.

La pili, tpmC haihesabu miamala yote. TPC-C ina miamala ya aina tano: oda mpya, malipo, hali ya oda, upelekaji na kiwango cha stoo. Inayohesabiwa ni oda mpya tu, ambazo ni kama asilimia 45 ya kazi yote. Tena sheria inawalazimisha watumiaji wa bandia wachape na wafikiri kabla ya kutuma, hata ghala moja haliwezi kuzidi 12.86 tpmC. Hiyo milioni 707 ya kanzidata ya OceanBase ya 2020 ilihitaji maghala yasiyopungua milioni 55. Unanunua mitambo mingi ili tu ubebe data yenyewe.

Na hili ni la mleta mada. pgbench imefuata sura ya TPC-B. Kanuni ya TPC-B ni kwamba kila muamala 1 kwa sekunde unaotaka kuutangaza, uwe na tawi 1, matela 10 na akaunti 100,000. Kwa -s 10 kanuni inakuruhusu kutangaza miamala 10 kwa sekunde. Kumi. Wale wazee walijua kwamba benki inayokua inaongeza matawi, na kwamba ukiacha data ndogo huku ukikuza kasi unapima kitu kisichokuwepo duniani.

#14 Chalii_wa_Sakina
Mpemba umeniacha mdomo wazi, kumi tu! 😂 Nje ya mada kidogo: mbona sioni popote watu wakiweka Oracle na PostgreSQL mezani wakapima bila kificho?

#15 BintiSelekti
Chalii, leseni inakataza kuchapisha matokeo bila idhini yao. Watu wanakiita kifungu cha DeWitt. David DeWitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha kipimo chao 1983, Oracle haikutoka vizuri, kikaingia kifungu kwenye leseni. Wengine wakaiga. Turudi kwenye SACCOS.

#16 fundi_wa_diski
Nimesoma kuanzia juu. Wote mnaongelea kufuli na mtandao, hakuna aliyeuliza ni SSD ya aina gani. "SSD" peke yake si jibu.

COMMIT haijakamilika mpaka fsync (amri ya kulazimisha data iandikwe kwenye diski) irudi. Diski ya zamani ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mteja mmoja peke yake hawezi kuzidi kama 120 kwa sekunde kihalali. Akizidi hapo ujue kuna kache inajibu "nimeandika" wakati bado. SSD ya seva ina kapasita za kuilinda kache umeme ukikatika, ndiyo maana fsync yake ni nyepesi. SSD ya kompyuta ya mezani haina: ama fsync yake inachelewa sana, ama inadanganya na siku umeme ukikatika utalia.

Kuna la ziada. SSD nyingi za bei nafuu zina eneo dogo la kuandikia haraka. Likijaa, kasi inaporomoka. Kipimo cha dakika moja hakilijazi. Makato ya mishahara ya wanachama wote yakiingia kwa mkupuo yanalijaza vizuri tu. Hapo milisekunde 2 za mzee zinakuwa 20 au 50, na hesabu yake yote inabadilika.

#17 mzee_wa_logi
Haibadiliki, inazidi kuwa mbaya, maana fsync iko ndani ya muda wa kushikilia rekodi. Lakini kumbuka wateja wengi wanaweza kuandikiwa kwa fsync moja wakikomiti pamoja. Diski peke yake haimfikishi mtu sekunde kumi. Rekodi moja inayogombaniwa ndiyo inayowanyima nafasi ya kukomiti pamoja.

#18 fundi_wa_diski
Kwa hiyo tunakubaliana kwamba diski imo.

#19 mzee_wa_logi
Imo, ila siyo chanzo.

#20 daktari_wa_vakyumu
Niulize kabla hamjagawana ushindi. Siku ya mshahara ni mwisho wa mwezi. Kuna ripoti inaendeshwa wakati huo?

Kama kuna ripoti inayokaa saa nzima na muamala wake uko wazi, PostgreSQL haiwezi kufuta matoleo ya zamani ya rekodi yaliyozaliwa baada ya ripoti kuanza. Ile rekodi moja ya akaunti_kuu kila ikisasishwa inaacha toleo la zamani. Kwa 300 kwa sekunde ndani ya saa moja ni matoleo 1,080,000 ya rekodi MOJA. Kila anayekuja anapita kwenye mabaki hayo kutafuta toleo lililo hai. autovacuum (kifagio cha mabaki hayo) inakuja, inatazama, inaondoka mikono mitupu. Jedwali la rekodi chache linakuwa na maelfu ya kurasa. Na muda wa kushikilia rekodi unarefuka taratibu, jambo linaloelezea kwa nini inaanza saa nne na kuzidi hadi mchana badala ya kugonga ghafla.

#21 Karani_wa_Data
Daktari, mhasibu mkuu anaendesha ripoti ya marejesho asubuhi hiyo kila mwezi, ndiyo.

Nimepekua, nina nakala ya pg_stat_activity (orodha ya vikao na vinachosubiri) niliyoihifadhi siku ya mshahara uliopita, saa tano hivi. Waliosubiri wengi wameandikwa Lock, kwa tuple na transactionid (yaani wanasubiri rekodi au muamala wa mwingine). Wachache ni IO, WALSync (wanasubiri logi iandikwe kwenye diski). Na kuna kikao kimoja cha mtumiaji wa ripoti kimeandikwa "idle in transaction", kilianza asubuhi na mapema.

#22 mzee_wa_logi
tuple na transactionid. Nimemaliza.

#23 fundi_wa_diski
WALSync ipo. Mwenye kufuli anasubiri diski, wengine wanamsubiri mwenye kufuli. Kwa hiyo Lock zitakuwa nyingi daima hata chanzo kikiwa diski.

#24 daktari_wa_vakyumu
Na hicho kikao kilicholala na muamala wazi tangu alfajiri hamkioni?

#25 msee_wa_thika
Hakuna aliyeshinda kwa picha moja ya saa tano. Karani, acha ile pgbench ya kawaida, iandikie muamala wako wenyewe. Faili uliite weka_akiba.sql:

\set mwanachama random_zipfian(1, 40000, 1.1)
\set kiasi random(1000, 500000)
BEGIN;
UPDATE akaunti_kuu SET salio = salio + :kiasi WHERE namba = 2100;
UPDATE akiba SET salio = salio + :kiasi WHERE mwanachama_id = :mwanachama;
INSERT INTO miamala (mwanachama_id, kiasi, wakati) VALUES (:mwanachama, :kiasi, now());
INSERT INTO ujumbe (mwanachama_id, kiasi) VALUES (:mwanachama, :kiasi);
COMMIT;

Badilisha 40000 iwe idadi ya wanachama wenu. Kisha, ukiwa kwenye mashine ya programu na SI kwenye seva ya kanzidata:

pgbench -n -f weka_akiba.sql -h anwani_ya_seva -c 50 -j 8 -R 300 --latency-limit=2000 -T 3600 -P 10

Fanya kwenye nakala, si kwenye mfumo unaotumika. Anza na -R 100, panda polepole. Usitazame wastani, tazama miamala mingapi imevuka milisekunde 2,000 na mingapi imerukwa. TPC-C yenyewe inataka asilimia 90 ya oda mpya zijibiwe ndani ya sekunde 5, haikubali kasi tupu.

#26 Mama_Leja
Mimi ni mhasibu, siyo mtu wa kodi, ila nawasomaga humu. Hiyo rekodi ya jumla mnayogombania, nani aliomba ibadilike kila sekunde? Sisi tunachotaka ni jumla ilingane na madaftari ya wanachama wakati wa kufunga siku. Mkijumlisha kutoka kwenye miamala jioni, mimi sina tatizo.

#27 Ngosha_Data
Mama Leja amemaliza. Au igawe rekodi hiyo iwe 16, kila muamala uchague moja kwa bahati nasibu, anayetaka jumla anajumlisha zote 16.

#28 BintiSelekti
Leo Ngosha hujataja indeksi, nakupongeza kwa dhati 👏 Ila tahadhari: ukigawa, popote kodi inaposoma salio la akaunti_kuu moja kwa moja patatoa namba pungufu. Tafuteni kwanza nani anaisoma. Ripoti ya mhasibu mkuu kwa mfano.

#29 Karani_wa_Data
Mrejesho. Nimeendesha faili la msee kwenye nakala, kutoka mashine ya programu. Kwa 100 shwari. Kwa 300 muda unapanda na miamala mingi inavuka kikomo. Nikaihamisha akaunti_kuu iwe mwisho, 300 ikapita vizuri.

Kisha nikafungua dirisha jingine, BEGIN kwa REPEATABLE READ (muamala unaoona data ile ile hadi mwisho), SELECT moja, nikaiacha wazi nikiigiza ripoti. Kwa mpangilio ule ule mpya, muda ukaanza kupanda taratibu, na baada ya nusu saa hivi vikwazo vikarudi.

#30 daktari_wa_vakyumu
idle_in_transaction_session_timeout (inakata kikao kilicholala na muamala wazi), iwekee mtumiaji wa ripoti dakika chache. Leo hii.

#31 mzee_wa_logi
Lakini bila ripoti, kuhamisha amri moja ndiko kulikoponya. Uandike hivyo kwa wakubwa wako.

#32 fundi_wa_diski
Nakala hiyo iko kwenye diski ile ile ya seva ya kazi au nyingine?

#33 Karani_wa_Data
Mashine nyingine, SSD tofauti.

#34 fundi_wa_diski
Basi upande wa diski hujapima chochote bado. Soma modeli iliyoandikwa kwenye SSD ya seva ya kazi uiweke hapa, na usiku wakati hakuna watu uendeshe pg_test_fsync ukiielekeza kwenye diski hiyo yenye WAL. Utaona fsync ngapi kwa sekunde. Mkandarasi na leseni yake wasubiri mpaka namba hiyo ipatikane.